Tanbihi ya Ukurasa wa Themanini na Saba

Miaka sita nilihesabu maini.
Si ya ng'ombe buchani: ya watu wa Greenock,
yaliyokakamaa kama kiatu kilichosahauliwa juani,
kila moja likiwa namba katika safu,
kila safu na mtaa wake,
na kila mtaa na duka lake
linalouza chupa la lita tatu, mvinyo wa tufaha
usiowahi kuonana na tufaha,
kwa bei iliyo chini ya maziwa.

Ripoti ilifika kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Mshauri wa waziri, kijana Farquhar Lumsden,
tai nyembamba, baiskeli ya kukunja kwapani,
alisema: Daktari Ishbel, nifanyie ukurasa mmoja.
Nikamfanyia. Akasema: aya moja.
Nikakata majira ya baridi, nikakata wajane,
nikakata jedwali la kumi na nne, lile nililolilia.
Akasema: waziri atakuwa ndani ya lifti,
ghorofa mbili tu.
Nikampa sentensi.
Lifti ilipofunguka, waziri alishuka na namba.

Hivyo ndivyo elimu inavyoingia serikalini.
Haipokewi mlango mkuu kwa shada la maua;
hupenya kama mvua ya Februari kwenye paa,
tone,
kisha doa darini, kisha miaka,
hadi siku moja mtu anainua macho na kusema
kumbe panavuja.

Na si sisi pekee tuliokuwa tukivuja.
Wenye viwanda nao walileta watafiti wao,
karatasi zinazong'aa, kahawa ya bure,
grafu zinazopanda pale zetu zinaposhuka.
Mbele ya kamati nilipewa dakika nne.
Mbunge mmoja wa viti vya nyuma aliuliza kama mimi nakunywa.
Nikasema: Ijumaa, glasi moja.
Gazeti likaandika ile glasi.
Maini hayakupata nafasi.

Muswada ulipita usiku, kwa tofauti ya kura kumi na moja.
Farquhar akanitumia picha ya keki.

Lakini ukurasa wa themanini na saba, chini kabisa,
kwa herufi za ukubwa wa chawa, nilikuwa nimeandika:
bei ikipanda, wengi watapunguza kunywa;
waliozama zaidi huenda wakapunguza kula.
Hatujui. Wafuatiliwe.
Tanbihi haipandi lifti.

Novemba, kwenye foleni ya duka la Bi Jaswinder,
mzee Torquil Geddes, mchomeleaji wa meli
tangu zama ambazo bado zilikuwapo meli za kuchomelea,
alinitambua kutoka kwenye runinga.
"Ni wewe uliyeipandisha."
"Ni mimi."
Aliweka kaunta mkate na chupa,
akahesabu sarafu, akazihesabu tena,
akaurudisha mkate.
Hakuwa na hasira. Alisema tu:
"Gregor wangu ameacha. Siwezi kukudanganya.
Aliona ghali, akaacha, sasa anakimbia asubuhi kama mwendawazimu.
Hiyo nayo iandike."

Niliununua ule mkate. Akakataa kuupokea.

Sasa grafu ya mwaka wa kwanza imeshuka,
mstari mzuri; Farquhar ameutia kwenye fremu.
Kuna waziri mpya, sijamwona,
anataka kujua kama sheria imefaulu,
ndiyo au hapana, kabla ya saa kumi jioni.
Mkate uko mezani, umeanza kukauka kingo.
Naandika: ndiyo.
Naiwekea nyota ndogo begani,
nashuka hadi chini kabisa ya ukurasa,
kule anakoishi Torquil,
na safari hii
sipunguzi ukubwa wa herufi.